Kitanda kimoja, orodha tatu: jinsi orodha ya vifaa inavyotoka kwenye programu ya usanifu

"Mkubwa, hii 03-Aug ni saizi ya nini?"

Simu hiyo ilinifikia saa nne asubuhi kutoka kwa kijana wa kaunta katika hadwea moja hapa Nairobi. Tulikuwa tumemtumia orodha ya vifaa vya vitanda 60 vya ghorofa, vile ambavyo wanafunzi wa bweni huviita dabodeka. Kwenye mstari wa bolti, mahali pa 3/8, yeye aliona tarehe tatu mwezi wa nane. Mstari uliofuata, wa bolti za 1/4 za kufungia kabati, ulisoma tarehe mosi Aprili. Mchoro ulikuwa sahihi, modeli kwenye kompyuta ilikuwa sahihi, na hata faili lilipotoka kwenye programu ya usanifu lilikuwa sahihi. Kosa liliingia njiani, kati ya kompyuta yangu na kaunta yake, na tayari gari la kubeba vifaa lilikuwa limeegeshwa nje likisubiri.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba wengi wetu tunaochorea karakana za Kariobangi na Industrial Area tunajua kuchora vizuri sana, lakini orodha tunaichukulia kama kitu kinachojitoa chenyewe. Unabonyeza kitufe, jedwali linatoka, unalituma. Kumbe kitufe kile hakifikirii. Kinahesabu ulichoweka, kwa namna ulivyokiweka, na kukuandikia majina uliyoyaacha. Kazi ya orodha hufanywa kabla ya kitufe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hapa mjini huchanganywa kila siku. Aliyewahi kujenga Nairobi anaijua BQ, yaani hati ya vipimo na bei za kazi za ujenzi. Hiyo huandaliwa na mkadiriaji majenzi, na ndani yake hupimwa kazi: mita za mraba za plasta, mita za ujazo za zege, bei ikiwa imebeba vifaa pamoja na nguvu za watu. Orodha ya vifaa, ambayo wahandisi huiita BOM, haipimi kazi. Inajibu swali moja tu: ili kitu hiki kimoja kiwepo, vinahitajika vitu gani, na vingapi vya kila aina? Mteja akikuomba "BQ ya mashine", muulize kwa upole anataka kipi kati ya hivyo viwili, kwa sababu ukimpa kimoja akidhani ni kingine, bei mtakayokubaliana itakuwa ya uongo kwa mmoja wenu.

Sasa orodha inatoka wapi? Katika programu kama SolidWorks, Inventor au FreeCAD, kitanda si mchoro mmoja. Ni mti. Juu kabisa kuna asembli, yaani kitanda kizima. Chini yake kuna asembli ndogo: fremu ya juu, fremu ya chini, ngazi, kabati. Chini ya hizo kuna vipande vyenyewe: nguzo, upau, bolti, nati, washa. Kila kipande ni faili, na unapokiweka ndani ya asembli si kwamba unakinakili, unakirejelea tu. Ukiita faili la bolti mara 16, programu inahesabu bolti 16 na kuziandika kwenye mstari mmoja.

Hapo ndipo fundo la kwanza lilipo. Programu haitazami umbo la kitu, inatazama faili. Ukihifadhi bolti ileile mara mbili kwa majina mawili, mfano moja uliyopakua mtandaoni na nyingine uliyochora mwenyewe, orodha itakuwa na mistari miwili ya bolti ambayo kwa macho ni kitu kimoja. Mnunuzi atanunua kwa mafungu mawili, au ataona mstari wa pili ni marudio na kuufuta. Wanaotumia SketchUp, na maseremala wengi wanaitumia, wana shida hiyohiyo kwa sura nyingine: mbao zilizofungwa kama kundi la kawaida kila moja husimama peke yake, ilhali zilizotengenezwa kama kijenzi kinachorudiwa huhesabiwa pamoja.

Kitu kilichofichwa kisionekane kwenye skrini bado kinahesabiwa. Kitu kilichozimwa hakihesabiwi. Nimeona mtu akificha godoro ili aone fremu vizuri, kisha akashangaa godoro kuwemo kwenye orodha ya chuma. Kama unataka kitu kiwepo kwenye modeli kwa ajili ya kupima nafasi tu, programu zote kubwa zina njia ya kukiwekea alama kwamba kisiingie kwenye orodha. Inventor huviita vya marejeo. Tumia njia hiyo, usitegemee kuficha.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kitufe kinakuuliza na wengi hulijibu bila kusoma: orodha ya ngazi gani?

SolidWorks hukupa chaguo tatu. Ya kwanza huonyesha ngazi ya juu tu: fremu ya juu 1, fremu ya chini 1, ngazi 1, kabati 2. Ya pili huvunja asembli zote na kukupa vipande peke yake, vikiwa vimejumlishwa: nguzo 4, bolti 16, nati 16. Ya tatu huonyesha mti mzima, kila asembli na watoto wake wakiwa wamesogezwa ndani kidogo. Inventor ina mbili: moja ya mti, moja ya vipande tu, na hii ya vipande inabidi uiwashe kwanza.

Hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Kila moja ina msomaji wake. Anayepakia lori anataka ile ya ngazi ya juu, ahesabu mafungu yanayotoka mlangoni. Fundi wa kuchomelea anataka mti, ajue ni vipande gani vinaunda ngazi na vipi vinaunda fremu. Mnunuzi anataka vipande vilivyojumlishwa, kwa sababu hadwea haimuulizi bolti inakwenda wapi. Kitanda kimoja, orodha tatu. Ukimtumia mnunuzi orodha ya mti, bolti ya 3/8 itatokea mara nne katika sehemu nne, naye atajumlisha kwa kalamu akiwa amesimama kaunta. Na kuna hatari kubwa zaidi: katika orodha ya mti, kwa kawaida idadi ni ya kila mzazi mmoja. Mstari unaosema "bawaba 2" chini ya kabati, na kabati ziko 2, maana yake ni bawaba 4 kwa kitanda na 240 kwa vitanda 60. Asiyejua hilo hununua 120.

Bawaba yenyewe ni mfano mzuri wa fundo jingine. Uliyoipakua mtandaoni inaweza kuwa asembli ya vipande vitatu: mabawa mawili na pini. Ukitoa orodha ya vipande tu, programu itakuandikia "pini 240" kana kwamba kuna mtu anauza pini za bawaba. Inventor ina alama ya kitu cha kununuliwa. Ukiiweka, bawaba inabaki mstari mmoja hata orodha ikivunjwavunjwa. SolidWorks nayo hukuruhusu kuiambia asembli ndogo ijionyeshe kama kitu kimoja. Kazi ya dakika moja, lakini ifanye kabla.

Fundo la chuma ndilo lililonisumbua zaidi. Fremu za kuchomelea, katika SolidWorks, mara nyingi huchorwa kama faili moja lenye vipande vingi ndani yake. Kwa hiyo orodha ya kawaida inasema kwa unyofu kabisa: "Fremu, 1". Vile vipande vya bomba havionekani, kwa sababu kwa programu hiyo ni kipande kimoja. Vipande hivyo vinakaa kwenye orodha ya pili, orodha ya ukataji, ambayo inabidi uiombe ijitokeze ndani ya orodha ya mti au uitoe peke yake. Ukiona orodha ya kitu kikubwa cha chuma ina mistari sita tu, huenda umeangukia hapo.

Tuseme sasa umeipata orodha ya ukataji. Kwa kitanda chetu ilikuwa hivi, yote kwa bomba la mraba la inchi moja na nusu: nguzo 4 za milimita 1,700, pau ndefu 4 za milimita 1,900, pau fupi 4 za milimita 900. Jumla ya urefu ni mita 18 kamili. Bomba la dukani lina mita 6. Gawanya: mabomba 3 kwa kitanda, 180 kwa vitanda 60. Inapendeza macho, na ndiyo hesabu ambayo mtu wa ofisini atakuletea.

Lakini chuma hakikatwi kwa jumla. Kwenye bomba la mita 6 zinatoka nguzo tatu, yaani milimita 5,100, na diski ya kukatia inakula kama milimita 3 kila inapopita. Inabaki milimita 891. Upau mfupi unataka 900. Umeukosa kwa milimita 9, na hicho kipande cha karibu mita moja kinakwenda kwenye rundo la vyuma chakavu. Pau ndefu zinatoka tatu kwa bomba, inabaki chini ya sentimita 30. Pau fupi zinatoka sita. Nguzo 240 ni mabomba 80, pau ndefu 240 ni mabomba 80, pau fupi 240 ni mabomba 40. Jumla 200. Nilikaa jioni nzima nikichanganya vipande kwa kila namna, mbili ndefu na mbili fupi, moja ya nguzo na nne fupi, na hesabu haikushuka chini ya 200. Kwa vipimo hivyo haiwezi.

Tofauti ya mabomba 20 kati ya orodha na ukweli ni hela, na karakana ndogo ikiwa imeshatoa bei kwa mabomba 180, hela hiyo inatoka kwenye mfuko wa fundi.

Tulichofanya ni kurudi kwenye modeli. Upau mfupi tukaupunguza kutoka 900 hadi 880. Godoro la futi 3 ni milimita 914, na kutoka nje ya nguzo moja hadi nje ya nyingine bado tulikuwa na 956, kwa hiyo godoro lilikaa bila taabu. Sasa kila bomba la nguzo tatu likatoa na upau mfupi mmoja, likibakiza milimita 8. Mabomba 80 yakatupa nguzo zote na pau fupi 80; pau fupi 160 zilizobaki zikahitaji mabomba 27. Jumla mpya: 187. Milimita 20 ziliokoa mabomba 13. Sharti lake ni kwamba bomba liwe na mita 6 za kweli, kwa hiyo yalipofika tuliyapima kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuwasha mashine.

Hilo programu haikutuambia. Ilichotupa ni urefu wa kila kipande na idadi yake, ambavyo ndivyo tulivyovihitaji ili kufikiri. Kwa mbao na plaiwudi, SketchUp ina programu-jalizi ya bure iitwayo OpenCutList inayopanga vipande juu ya bao, na kwa kazi nyingi za kabati inatosha.

Turudi kwenye majina. Orodha huchukua maelezo yake kutoka kwenye sifa za kila faili: namba ya kipande, maelezo, malighafi, uzito. Usipozijaza, jedwali linajazwa na jina la faili, na jina la faili mara nyingi ni lile uliloliandika ukiwa na haraka: "nguzo mpya 2 kopi". Dawa niliyoizoea ni kiolezo. Faili jipya linapozaliwa tayari lina nafasi za maelezo na malighafi zinazodai kujazwa, na sikubali kipande kiingie kwenye asembli kikiwa hakina jina la kweli.

Malighafi nayo si pambo. Kipande kisichopewa malighafi, SolidWorks hukipa uzito kana kwamba ni maji: kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Chuma ni kama 7,850. Kitanda cha kilo 40 hivi kitasomeka kilo 5. Kwa kitanda kimoja utaligundua kosa hilo kwa kucheka, lakini kwa oda ya 60 jedwali litakuambia kilo 300, uite pikapu, na pale karakanani pana tani mbili na zaidi zikikusubiri.

Kisha kuna lugha ya kaunta. Modeli inasema 38 × 38 × 1.5. Hadwea inasema inchi moja na nusu, geji 16. Mimi huweka nafasi mbili kwenye sifa: moja ya vipimo vya mchoro, nyingine ya jina la dukani, nikaiandika kama vile kijana wa kaunta angeitamka. Orodha inayokwenda dukani hutumia hiyo ya pili. Nafasi hiyo moja imenipunguzia simu kuliko jambo jingine lolote.

Na sasa ile 03-Aug.

Programu nyingi zitakupa kuchagua faili la Excel au faili la CSV. CSV ni maandishi matupu, thamani zikitenganishwa kwa mkato. Halina rangi, halina mistari, na halisemi kama kilichoandikwa ni namba, neno au tarehe. Uzuri wake ni kwamba kila programu inalisoma. Ubaya wake ni kwamba kila programu inalisoma inavyoona yenyewe. Ukilifungua kwa kubonyeza mara mbili, Excel inatazama 3/8 na kuamua ni tarehe. Inatazama namba ya kipande 00125 na kuondoa sifuri za mbele. Inatazama 12E3 na kuona elfu kumi na mbili. Ukihifadhi hapo, asili imekwenda. Kuigeuza safu kuwa maandishi baadaye hakurudishi 3/8.

Tusidhani ni uzembe wa mafundi wa Nairobi. Mwaka 2020 wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walibadilisha rasmi majina kama SEPT1 na MARCH1, kwa sababu lahajedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa Septemba na Machi. Mwaka 2023 Microsoft iliongeza kwenye Excel uwezo wa kuzima ugeuzaji huo wa moja kwa moja. Kama toleo lako ni la zamani, usilifungue faili kwa kubonyeza. Fungua Excel tupu, nenda sehemu ya data, chagua kuleta kutoka faili la maandishi, na uiambie kwamba safu za namba ya kipande na maelezo ni maandishi. Au fanya kama mimi sasa: kwenye sifa ya kipande naandika "bolti inchi 3/8" badala ya 3/8 peke yake. Neno likitangulia, hakuna programu itakayoliona kama tarehe.

Alama ya kipenyo, ile Ø, ina ugonjwa wake. Ikitoka kwa mfumo mmoja wa herufi na kufunguliwa kwa mwingine, inageuka Ã˜. Ukiona hivyo kwenye jedwali, faili halijaharibika. Lilete upya ukichagua mfumo wa herufi wa UTF-8.

Wanaounda saketi, wale ambao vifaa vyao hutoka Luthuli Avenue, wako kwenye njia hiyohiyo kwa mavazi tofauti. KiCad, programu ya kuchorea saketi, itawapa orodha yenye alama za vijenzi kama R1, R2, C4, na kazi yao ni kuhakikisha vipinga vya thamani moja na umbo moja vinakusanywa kwenye mstari mmoja. Wasioweza kulipia programu za bei kubwa wajue FreeCAD, ambayo ni ya bure, ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024 ikiwa na sehemu yake ya asembli inayotoa orodha ya vifaa.

Limebaki jambo la vitu visivyochorwa. Hakuna anayechora vijiti vya kuchomelea. Hakuna anayechora rangi, tina, msasa wala diski za kukatia. Wahandisi hutenganisha orodha ya msanifu, yenye kilichochorwa, na orodha ya karakana, yenye kila kitakachotumika. Inventor hukuruhusu kuongeza kijenzi kisicho na umbo, chenye jina na kiasi tu, kikahesabiwa pamoja na vingine. Mimi huongeza rangi na vijiti hivyo, kwa kiasi nilichopewa na fundi mwenyewe. Nilipomuuliza vijiti vya kitanda kimoja, hakunijibu kwa kukisia. Alichomelea kitanda cha kwanza, akahesabu vilivyotumika, ndipo akanipa namba. Diski na msasa ninaziacha kwa mtunza stoo, kwa sababu zinatumika kwa oda zote na yeye anajua mwendo wake.

Mwisho, jedwali likishatoka limekatika na modeli. Ukipunguza upau hadi 880 leo, faili ulilotuma jana linaendelea kusema 900, na liko kwenye simu ya mnunuzi, kwenye meza ya fundi na kwenye kaunta ya hadwea. Kwa ile oda ya vitanda, karatasi ya zamani ilikuwa bado imebandikwa juu ya mashine ya kukatia wakati mabomba mapya yalipofika. Fundi aliona tu kwamba pembeni mwa karatasi yake paliandikwa toleo A na pembeni mwa yangu toleo B. Akaibandua, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akanyoosha mkono nimpe mpya.